Dawa ya Kikohozi

Kazi ya Kakenya ya asubuhi ilikuwa moja tu, na aliipenda: kuwatoa wanakondoo kibandani na kumpeleka kila mmoja kwa mama yake. Wageni waliofika bomani walishangaa jinsi msichana wa Gredi ya Sita alivyojua huyu ni wa nani, maana machoni mwao kondoo wote walifanana. Kakenya hakuona ajabu yoyote. Wewe nawe huwajui ndugu zako? Akimaliza, alinawa, akavaa sare, akanywa chai ya maziwa iliyochemka sawasawa, kisha akashika njia ya kwenda shuleni. Kwa mbali aliona mabanda meupe ya mashamba ya maua ya Isinya, na nyuma ya mabanda hayo malori ya kwenda Namanga yakipita barabarani.

Mwaka huo mvua ilinyesha ikapitiliza. Nyika iliyozoea vumbi ikawa madimbwi kila mahali. Nyasi zilimea hadi magotini, ng'ombe wakanenepa, na wazee wakasema Enkai, Mungu wao, amewakumbuka watu wake. Lakini pamoja na nyasi walikuja mbu, tena si mbu wa kubembelezana nao. Jioni zizi zima lilivuma kama chungu kinachochemka.

Asubuhi moja Kakenya aliingia zizini akamkuta kondoo jike amesimama pembeni peke yake, na chini yake kuna kitu kibichi kisichosogea. Alikuwa ametupa mimba. Jambo hilo linasikitisha, lakini kwa wafugaji si geni. Kakenya alikiokota kile kijusi kwa mikono mitupu, kama alivyowaona wakubwa wakifanya, akampa kaka yake Nick. Nick alikuwa amemaliza shule ya upili na sasa ndiye aliyechunga kundi. Alikitupa nyuma ya boma, mbwa wakakigombania.

Kesho yake walitupa mimba kondoo wengine wawili. Siku zilizofuata wakazidi, mbuzi nao wakaingia katika mkumbo huo. Hata wanakondoo waliozaliwa wakiwa hai walilala tu, hawakunyonya, na kufikia jua kali walikuwa wamekufa. Kakenya, aliyekuwa akikimbilia kibandani kila asubuhi, sasa alifika pale akasimama, akiogopa kuinua gunia lililofunika mlango.

Baba yake, Mzee Kisemei, alikuja akatazama zizi kwa muda mrefu. Hakufoka. Afadhali angefoka, kwa sababu sauti aliyotumia ilimtisha binti yake zaidi.

"Sikilizeni, nyinyi wawili," alisema polepole. "Haya mambo hayatoki nje ya ua huu. Si kwa jirani, si kanisani, si shuleni."

"Lakini Baba, kama ni ugonjwa," Nick alianza.

"Ni baridi ya mvua. Ukisema ugonjwa, watakuja watufungie soko. Umesahau?"

Nick hakuwa amesahau, wala Kakenya. Miaka michache nyuma, soko la mifugo lilifungwa kwa sababu ya ugonjwa. Baba yao alikuwa na mbuzi wanono tayari kwa wachinjaji wa Kitengela. Akangoja soko lifunguliwe, akangoja tena, na badala yake ukaja ukame. Wale mbuzi walikufa mbele ya macho yake, na Nick akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Tangu hapo neno karantini halikutamkwa katika boma lile, kama lisivyotamkwa jina la marehemu. Sasa soko kubwa la kabla ya Krismasi lilikuwa limekaribia. Mzee Kisemei hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu aliyeumwa na nyoka akawa anaogopa hata ukuti.

"Na Yeyo wenu asijue," aliongeza, akimaanisha mama yao. "Ako karibu kujifungua. Hatutaki apate wasiwasi."

Kakenya aliitikia kwa kichwa. Baba akisema, amesema.

*

Shuleni, Mwalimu Namalwa alikuwa na tabia yake. Kila Jumatatu, kabla ya kufundisha chochote, aliuliza darasa swali lile lile: "Nani ameona kitu kisicho cha kawaida huko nyumbani?" Mtoto akiumwa, kuku akifa, mbwa akiwa na wazimu, Mwalimu alitaka kusikia. Alichosikia alikipeleka kwa watu wa afya. Wanafunzi walilichukulia swali hilo kama mchezo.

"Kuku wetu amekuwa mvivu," alisema Timothy, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alimuuliza Timothy kama kuku huyo anakula, kama anaharisha, na kama kuna wengine walio hivyo. Timothy alijibu huku akitabasamu kwa aibu. Kisha Mwalimu akafunga mlango, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena.

"Sikilizeni niwaambie kwa nini nauliza," alisema. "Mvua ikizidi namna hii, mbu huzidi. Na wako mbu wanaobeba homa ya Bonde la Ufa. Homa hii haianzi kwa watu. Inaanza kwa kondoo na mbuzi. Utaona wanatupa mimba wengi kwa pamoja, na watoto wao wanakufa. Halafu mtu anashika kijusi au damu kwa mikono mitupu, au anakunywa maziwa mabichi au damu ya mnyama mgonjwa, na homa inahamia kwake. Wengi hupona. Lakini wako wanaopofuka, na wako wanaotokwa na damu wakafa."

Kakenya alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya dawati, akaishusha polepole akaificha magotini.

"Kakenya," Mwalimu aliita. "Nyinyi mna kondoo wengi. Hawajambo?"

Kakenya alisikia matone ya mvua kwenye mabati. Akilini alimwona baba yake amesimama katikati ya zizi.

"Hawajambo, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Namalwa alimtazama kidogo, kisha akauliza mwingine. Wakati wa mapumziko Kakenya alikwenda bombani, akajisugua mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha. Alijua fika kwamba amechelewa. Mikono hiyo ilikuwa imeshika vijusi asubuhi nyingi. Tangu siku hiyo, kichwa kikimgonga kidogo tu, aliwaza: imefika.

Haikumfika yeye. Ilimfika Nick.

Nick alirudi machungani mchana, jua likiwa utosini, akiwa amejifunga shuka mbili na bado anatetemeka. Alisema macho yanamuuma akitazama mwanga. Alilala akageukia ukuta, akakataa chakula, na Nick si mtu wa kukataa chakula.

"Ni malaria," alisema baba yao, akaenda kumnunulia vidonge. Lakini Kakenya alimwona alivyosimama mlangoni kabla ya kuondoka. Alikuwa anaogopa, na kumwona baba akiogopa kulimfanya Kakenya ajihisi kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo na ardhi.

*

Mama yao, Priscilla, alirudi kutoka hospitali ya Kajiado na mtoto wa kike aliyefungwa blanketi la manjano. Boma lilichangamka. Majirani walikuja wakiimba, na Kokoo, mama yake baba, alimpokea mjukuu akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso.

Sasa ilibaki sherehe. Kwa desturi yao, mama akishajifungua huchinjiwa kondoo dume aliyenoneshwa. Kondoo huyo ni wa wanawake. Wanaume hawaonji hata kipande. Mafuta yake huchemshwa kwa ajili ya mama. Na damu, ingali na joto, huchanganywa na maziwa, mama akanywa ili arudishiwe nguvu alizopoteza. Kokoo alikuwa amekunywa, mama yake Kokoo alikuwa amekunywa, na hakuna aliyeona kuna la kuulizwa hapo.

Kondoo mwenyewe alikuwa amefungwa kando ya nyumba tangu mwezi uliopita, na Kakenya ndiye aliyemkatia nyasi. Siku iliyotangulia sherehe, baba yake alimwita pembeni.

"Nenda dukani kwa Mama Njogu. Mwambie akupe dawa ya sindano ya kondoo. Akiuliza ni ya nini, sema ni kikohozi."

Mama Njogu, au Waceke kwa jina lake hasa, alikuwa na duka la dawa za mifugo kando ya lami. Wazazi wake walihamia Isinya kutoka Nyeri zamani, naye alizungumza Kimaasai vizuri kuliko vijana wengi wa pale. Kakenya aliinamisha kichwa ili aguswe, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa.

"Supa, Kakenya. Yeyo na mtoto wako salama?"

"Wako salama. Baba anataka dawa ya sindano. Ya kondoo."

"Wana nini hao kondoo?"

"Kikohozi."

"Wangapi wanakohoa?"

Swali hilo Kakenya hakuwa amejiandaa nalo. "Wachache."

"Na wale wenye mimba, wako sawa?" Mama Njogu aliuliza akiwa ameshika chupa mkononi, bado hajaitoa. "Nauliza kila mtu siku hizi. Mimi ni mmoja wa wale waliofunzwa na watu wa mifugo. Nikisikia jambo, naandika ujumbe kwa simu, unafika ofisini kwao hapo hapo. Lakini siwezi kuandika nisichoambiwa."

"Wako sawa," Kakenya alijibu. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye mwenyewe hakuitambua.

Aliondoka na dawa ya kikohozi mfukoni. Njia nzima alijiona mwizi.

Jioni alimkatia kondoo wa mama nyasi laini. Kondoo alizinusa akageuza kichwa. Kakenya alimshika sikio. Lilikuwa la moto.

"Baba, huyu hajala."

"Ameshiba," alisema Mzee Kisemei bila kutazama. "Tangu lini kondoo mnono akakosa kushiba?"

*

Asubuhi Kokoo alikuwa anakinoa kisu kwenye jiwe. Wanawake walikuwa wamefika na shanga zao nzuri, sufuria iko motoni, na kibuyu cha maziwa kiko tayari kando ya mlango. Kakenya alikwenda kumfungua kondoo kamba. Puani mwake kulikuwa na kamasi, na ndani ya kamasi kulikuwa na michirizi ya damu.

Alisimama pale na kamba mkononi. Ndani ya nyumba, Nick alikuwa anakoroma kwa homa. Upande wa pili Yeyo alikuwa anamwimbia mtoto. Baada ya muda mfupi angeletewa kibuyu, naye angekunywa akishukuru, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Watu watatu tu walijua: mmoja alikuwa mgonjwa hawezi kusimama, mmoja alikuwa ameamua kunyamaza, na wa tatu ni yeye.

Kakenya aliifunga tena ile kamba, fundo juu ya fundo, akapita nyuma ya boma, na alipofika kwenye nyasi akatimua mbio.

Mama Njogu alikuwa anafungua duka. Kakenya hakuamkia, hakuinamisha kichwa. "Si kikohozi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilidanganya. Wanatupa mimba. Wengi. Nick ana homa, macho yanamuuma. Na leo wanamchinjia Yeyo kondoo mgonjwa, atakunywa damu yake."

Mama Njogu hakumkemea. Alimkalisha kwenye gunia la pumba, akatoa simu, na maswali yakaanza: tangu lini, wangapi kwa kukadiria, na mbuzi pia, nani mwingine ameshika. Vidole vyake viliandika huku akiuliza. Ujumbe ukaenda. Kabla Kakenya hajamaliza kufuta machozi, simu ikalia.

"Ndiyo, Daktari Maweu. Isinya, upande wa juu. Ndiyo, na mtu mmoja tayari." Alisikiliza, akakata simu. "Daktari wa mifugo yuko njiani kutoka Mashuru. Amesema damu ya kondoo huyo isimwagike kabisa. Mtu asimguse."

"Twende basi, Mama Njogu. Twende sasa hivi."

"Mimi lazima nimngoje hapa barabarani nimwonyeshe njia. Bila mimi atapotea kwenye hayo madimbwi." Alimwita Ndolo, mwendesha bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria. "Ndolo atakurudisha. Utatangulia wewe."

"Peke yangu?"

"Umeshasema mara moja. Sasa sema mara ya pili."

Kwa Kakenya mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Safari nzima aliishika jaketi ya Ndolo huku akiomba Mungu kisu kiwe bado butu.

Hakikuwa butu. Kondoo alikuwa amelazwa juu ya majani mabichi, wanawake wawili wamemshika miguu, na Kokoo amepiga magoti shingoni pake. Kakenya aliruka kutoka kwenye pikipiki, akapenya katikati ya watu, akasimama kati ya bibi yake na yule kondoo.

"Kokoo, usimchinje. Ni mgonjwa. Yeyo akinywa damu yake atakufa."

Nyimbo zilikatika. Mzee Kisemei, aliyekuwa amekaa mbali na wanaume wenzake kama desturi ilivyotaka, aliinuka.

"Kakenya. Toka hapo."

Kakenya hakuondoka. "Baba, nimesema. Nimemwambia Mama Njogu kila kitu. Daktari anakuja."

Mzee Kisemei alikuja na fimbo yake mkononi. Watu walimpisha. Kakenya alifumba macho akainamisha kichwa, safari hii si kwa kuamkia, akangoja fimbo ishuke.

"Umesema nini kwa Mama Njogu?" Ilikuwa sauti ya mama yake. Priscilla alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani.

Kakenya akamwambia. Aliyataja yote bila kuruka, huku amefumba macho, hadi kamasi yenye damu.

"Baba Nick," Priscilla alimgeukia mumewe. "Ni kweli?"

Mzee Kisemei hakujibu. Mara nyingine kunyamaza nako ni jibu, na kila mwanamke pale alilisikia.

Kokoo aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mzee aliyezika watoto wawili, na hakupenda maneno mengi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kondoo huyu ni wa wanawake, mwanangu. Sisi tumesema atangoja."

Hapo Nick akatokea, ameushika ukuta. Aliguswa na mwanga akajikinga uso kwa mkono. Ufizi wake ulikuwa unatoka damu. "Nani yuko hapo?" aliuliza. "Siwaoni vizuri."

Fimbo ilianguka kutoka mkononi mwa Mzee Kisemei, naye akaenda mbio kumshika mwanawe.

*

Daktari Maweu alifika amevaa gambuti na glavu. Gari lake lilimpeleka Nick hospitali Kajiado kwanza, baba yake akiwa amekilaza kichwa cha mwanawe mapajani. Waliobaki walionyeshwa namna ya kuzika vijusi shimoni na kunyunyizia dawa. Damu ya kondoo ilichukuliwa kwenye vichupa ikapelekwa maabara, na jibu liliporudi lilikuwa lile alilolitaja Mwalimu Namalwa.

Karantini ikatangazwa. Soko likafungwa.

Siku hizo Kakenya hazisahau. Shuleni watoto walihama dawati lake. "Huyo ndiye amefunga soko," walinong'ona, na hata Timothy aliangalia pembeni. Baba yake alilala hospitalini, na kila simu ya mama yake ilipolia, Kakenya alitoka nje ili asisikie. Ingeweza kuwa habari mbaya ya Nick. Alijiambia: ningesema siku ile darasani, angekuwa mzima. Hakuna aliyemwambia hivyo, lakini alijiambia mwenyewe, na hilo liliuma zaidi.

Kisha Daktari Maweu akaitisha mkutano penye josho la ng'ombe. Wafugaji walikuja wamenuna, wengine wakimtazama Kakenya kwa jicho la pembe.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema daktari. "Ni boma lile peke yake, au kuna mengine?"

Kimya. Wanaume walichora ardhi kwa fimbo zao. Kimya kile kilimtisha Kakenya, kwa sababu kilikuwa sawa na kile cha baba yake zizini.

Ndipo Mzee Kisemei, aliyekuwa amewasili asubuhi ile kutoka hospitali, akasimama. Alikuwa amekonda.

"Mimi nilificha," alisema. "Niliona mimba zinaanguka nikafunga mdomo. Nikamfunza mtoto wangu kusema ni kikohozi. Mnajua kwa nini, wote mnaijua karantini. Kijana wangu sasa anaanza kuona tena, Mungu ni mwema. Lakini nilimwona akitokwa na damu, na hakuna soko la kulipa kitu kama hicho. Kama kuna mtu hapa ana kikohozi kama changu, aseme."

Alikaa. Kisha jirani yao, mwenye boma ng'ambo ya mto, akakohoa kidogo akasema, "Kwangu pia wametupa." Mwingine akainua fimbo yake: "Hata kwangu." Na mwingine nyuma yake. Ilibainika kwamba ukanda mzima ulikuwa umeugua, na kila mzee alidhani ni balaa lake peke yake, akalifunika vizuri asije akawaponza wenzake.

"Mnaona sasa," alisema Daktari Maweu, na hakusema kwa kujigamba. "Kondoo mmoja akitupa mimba, hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Maboma kumi yakitupa wiki moja, huo ni mlipuko wa ugonjwa. Lakini mimi niko Mashuru au Kajiado, nitaujuaje? Naujua pale kila mmoja anaposema kidogo alichokiona. Msichana huyu amesema, na sasa hospitali zinajua zitafute nini. Wagonjwa wengine wawili wamepatikana mapema, wako sawa. Kondoo wa upande ambao ugonjwa haujafika wanachanjwa leo. Mngengoja mpaka Krismasi, wagonjwa wangekuwa wamejaa wodini."

Soko lilifunguliwa baadaye, si kabla ya Krismasi, lakini kabla nyasi hazijakauka. Nick alirudi nyumbani amevaa miwani myeusi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kudai chakula. Priscilla alichinjiwa kondoo mwingine, aliyepimwa na daktari, na nyama ikaiva vizuri motoni. Safari hii hakukuwa na kibuyu cha damu. Kokoo alinung'unika kidogo, kisha akasema supu nzito nayo ina nguvu zake.

Siku moja baada ya hayo, Mzee Kisemei alimwita Kakenya waende pamoja dukani kwa Mama Njogu. Kakenya alishikwa na hofu ya zamani, akauliza kuna nini.

"Utasikia huko huko."

Mama Njogu alikuwa anapanga chupa. Mzee Kisemei alivua kofia, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia baraza zima.

"Niko na mbuzi anakohoa," alisema. "Ni mmoja tu. Labda si kitu. Lakini nimeona niseme."

Mama Njogu alimtazama kama ni utani, akaona si utani, akachukua simu yake. Aliuliza mbuzi anakohoa tangu lini, na kama wengine wako sawa. Mzee alijibu kila swali. Alipokwama, alimgeukia Kakenya, maana kwa habari za mifugo midogo Kakenya ndiye aliyejua.

Walirudi kwa miguu, dawa ya kikohozi ikiwa mfukoni mwa Kakenya. Walipokaribia boma, baba yake alipunguza mwendo.

"Siku ile na fimbo," alisema, "ulidhani ningekupiga?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata mimi nilidhani hivyo." Alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake ingawa hakuwa ameinamisha. "Nilifikiri nikinyamaza naihifadhi nyumba yangu, kumbe nilikuwa nauhifadhi ugonjwa. Ukiona jambo baya, Kakenya, liseme lingali dogo. Hata kama mimi ndiye ninayekukataza."

Kakenya alitikisa kichwa kukubali. Ndani ya zizi wanakondoo walikuwa wanalia njaa, naye akakimbia kwenda kuwafungulia.